Riwaya Hizi Hazitafungiwa Karanga

Jumamosi. Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile ya Tukuyu isiyo na haraka, na ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya jirani. Nguo nilizofua juzi bado mbichi. Nimekaa jikoni naandika kwenye simu, miguu karibu na jiko la mkaa.

Leo nimembishia mjomba mbele ya watu.

Najua kwa wengine hilo si jambo la kuandika. Kwangu ni jambo. Mimi ndiye yule ambaye mwalimu akiuliza swali anainamisha kichwa hata kama jibu analo. Kuna wateja wa mama wanaoamini kabisa kwamba mimi ni bubu. Mmoja aliwahi kuniagiza karanga kwa ishara za mikono, nami nikamhudumia kwa ishara vilevile, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumweleza ukweli. Mpaka leo tukikutana njiani ananipungia kwa huruma.

Ngoja nianze mwanzo.

Nimemaliza kidato cha nne na ninasubiri matokeo. Wakati nasubiri namsaidia mama kwenye kibanda chake hapa Msasani, ya Tukuyu, si ile ya Dar. Anauza karanga za kukaanga na chai ya maziwa. Karanga zinafungwa kwenye karatasi: unachana ukurasa, unauzungusha, unakunja ncha ya chini, unamimina. Mama anafanya hivyo bila kuangalia mikono, huku anabishana na mtu kuhusu kwaya ya nani iliimba vizuri zaidi. Karatasi zinatoka popote. Daftari zilizoisha, kalenda za mwaka jana, mitihani ya watoto wa watu. Nimekula karanga hizo tangu sijajua kusoma, na sikuwahi kujiuliza ile karatasi ilikuwa nini kabla ya kuwa karatasi ya karanga.

Halafu mjomba Ambakisye akaleta kiroba.

Mjomba ni kaka yake mama, na ni mwalimu katika shule niliyosoma mimi. Pale shuleni walihitaji kabati kwa ajili ya vitabu vya sayansi, kwa hiyo wakaondoa vitabu visivyo kwenye mtaala. Badala ya kuvichoma moto, mjomba akamkumbuka dada yake. Alifanya wema. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu katika haya yote sioni mtu mbaya. Mama alifurahi kama aliyeletewa mchele.

Nikapewa kazi ya kuchana. Nikaingiza mkono kwenye kiroba nikatoa kitabu cha juu. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kung'oka. Nikasoma mstari mmoja tu nikakijua.

Kilikuwa kile cha fundi simu.

Vitabu vya hadithi pale shuleni karibu vyote havikuwa na majalada. Vilipita mikono mingi, vikalaliwa, vikanyeshewa. Kwa hiyo hatukujua majina yake wala ya walioviandika. Tulikuwa tunavibatiza wenyewe. Ukitaka kuazima unasema, "Wewe, umemaliza kile cha mlinzi?" na mwenzako anajua. Nimesoma riwaya ambazo zimenibadilisha na siwezi kumwambia mtu ziliandikwa na nani. Waandishi hao wako mahali fulani, wako hai, labda sasa hivi wanapika au wanapanga foleni benki, na hawajui kwamba kuna msichana Tukuyu anawajua kuliko majirani zake.

Nilikumbatia kile kitabu. Nikasema:

"Mama, hivi si vya kuchana."

"Ni vya kufanyia nini?" Alikuwa anageuza karanga kwenye sufuria.

"Vya kusoma."

"Umeshavisoma?"

"Ndiyo."

"Basi."

Na kwa mama jambo likawa limekwisha. Baadaye aliponiona sichani, nimekaa tu nimekishika, alishusha pumzi. "Chagua vitatu, Bupe. Vilivyobaki ni vya kazi. Na sitaki kukuona umenuna mbele ya wateja."

Vitatu.

Nilivitandaza kitandani nikavitazama. Na hapo ndipo nilipokasirika, nikiwa peke yangu, kimyakimya kama kawaida yangu. Kwa sababu mama hakujua ameniuliza nini. Aliniuliza ni vipi vinavyostahili kukutwa na watu ambao hawajazaliwa. Dada yangu ana mimba ya miezi mingi sasa, anatembea ameshika kiuno. Huyo anayekuja, siku akijua kusoma, akitaka kujua sisi tulikuwa watu wa namna gani, nimwachie vitatu vipi?

Kile cha fundi simu, bila kufikiri. Ni hadithi ya msichana mwenye kibanda cha kutengeneza simu katika mji fulani wa kando ya ziwa. Watu wanamletea simu za ndugu zao waliofariki, wanataka picha tu. Lakini yeye anapowasha anakuta kila kitu. Anakuta meseji zilizoandikwa zikaachwa bila kutumwa. Kuna sehemu anakaa na simu ya mzee mmoja aliyekuwa hasemi na mwanawe, anakuta yule mzee alikuwa anaandika "Habari yako mwanangu," anafuta, kesho yake anaandika tena. Msichana hajui amwambie mwana au anyamaze. Nilisoma sehemu ile nikiwa kwenye foleni ya bomba, na ndoo yangu ikapitwa mara tatu. Watu wa baadaye watasoma historia yetu, watajua barabara zilijengwa lini. Lakini nani atawaambia kwamba tulikuwa tunaweza kukaa na simu mkononi jioni nzima tukiogopa kubonyeza?

Cha pili, kile cha mlinzi. Mwanamume amekaa Dar es Salaam miaka na miaka, kijijini wanaamini ni bosi wa ofisi kwa sababu kila Krismasi anatuma picha amesimama mbele ya jengo la vioo. Ni kweli anafanya kazi kwenye jengo hilo. Analinda geti lake. Sasa mama yake anaumwa, naye mlinzi anarudi nyumbani, sare ya ulinzi iko chini kabisa ya begi, na kijiji kizima kimejipanga kumwomba ajira. Kinachekesha mpaka unaona aibu kwa kuwa ulicheka.

Cha tatu ni kile cha chai, ambacho sikioni kama kitabu, nakiona kama mtu wa ukoo. Wanawake wanaochuma chai katika shamba kubwa, kwenye vilima kama hivi vyetu, mvua kama hii. Kabla ya kitabu kile nilikuwa nafikiri riwaya hutokea sehemu nyingine, kwenye bahari au kwenye maghorofa. Sikujua unaweza kufungua kitabu ukakuta mtu amevaa gunia la plastiki kiunoni ili umande usimloweshe, kama anavyovaa mama mdogo. Nilisoma ukurasa ule nikatazama nyuma, kama vile kuna mtu alikuwa ananichungulia.

Vitatu hivyo. Lakini chini yake kulikuwa na kile cha kiwanja.

Kile cha kiwanja mimi sikipendi. Ndugu wawili wanagombania kiwanja tangu mwanzo hadi mwisho, na mwandishi hana haraka kabisa. Lakini Tumaini, niliyekuwa nakaa naye dawati moja, ambaye sasa yuko Kiwira kwa shangazi yake, alikisoma mara mbili akalia mara mbili. Kwao kulikuwa na kiwanja. Alisema ndiyo mara ya kwanza kumsikia mtu mzima akisema kweli kuhusu jambo lile, hata kama mtu mwenyewe ni wa kwenye kitabu. Sasa nikichane kwa sababu mimi kilinichosha?

Sikuchagua vitatu.

Nilificha vyote. Mama alikuwa ameshachana kimoja kabla sijakiwahi, na sehemu kubwa ya katikati ya kile cha mlinzi ilishaondoka na wateja. Vilivyosalia nilivifunga kwenye mifuko ya nailoni, nikakaza mafundo ili unyevu usiingie, nikavisukuma chini ya kitanda. Nikamwambia mama karatasi za zamani zilizo uani zinatosha kwanza. Nikajiona mjanja.

Mtu wa Tukuyu kufunga kitu kwenye nailoni msimu huu. Sijui nilikuwa nafikiria nini.

Baada ya siku chache mama akafagia chini ya kitanda na harufu ikamjibu. Akavuta mifuko, akafungua. Vitabu vilikuwa na kuvu la kijani, pembeni kurasa zimeshikana. Nilisimama mlangoni nikisubiri kugombezwa, na nafikiri ningependelea agombe. Alinitazama tu.

"Hata maharage hayafungwi kwenye nailoni hayajakauka," alisema. "Wewe umezaliwa wapi, Bupe?"

Halafu akasema kitu kilichoniuma zaidi: "Ungekuwa umevipenda kweli ungeniambia. Mimi si askari."

Alhamisi nikaenda kijijini Ikuti kwa bibi, aliyewazaa mama na mjomba. Nilivibeba vitabu kwenye kikapu, vimefunikwa kanga, kama mgonjwa. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba jiko la bibi ni pakavu kuliko mahali popote ninapopajua. Moto wake hauzimiki. Juu ya mafiga kuna kichanja cha miti, cheusi kwa masizi, na juu ya kichanja ndipo anaponing'iniza mahindi ya mbegu, maganda yamefunuliwa na kusukwa pamoja kama nywele. Moshi unayapitia mwaka mzima. Hakuna mdudu anayeyagusa wala kuvu linalothubutu.

"Ndaga, mjukuu wangu," alinisalimia kwa Kinyakyusa, akakitazama kikapu. "Umeniletea nini? Kinanuka."

Nikamweleza. Kwa bibi huwa naongea, sijui kwa nini. Hakucheka. Alivianika karibu na moto, kimoja kimoja, akivifungua kurasa kwa vidole vyake vigumu kama anayemenya maharage. Bibi anasoma Biblia ya Kinyakyusa na nyimbo za kanisani, Kiswahili anasoma polepole, kwa hiyo akaniambia nimsomee hivyo vinavyokauka, ili ajue anamkausha nani.

Nikamsomea kile cha chai. Tukafika mahali mwandishi anasema mchumaji alisimama katikati ya mistari, kikapu kikiwa kichwani, akichuma kwa mikono miwili.

"Kichwani?" Bibi aliweka mwiko chini. "Sasa majani anayatupaje humo? Anarusha juu kama mpira?"

Tulicheka mpaka akashika mbavu. Alichuma chai tangu usichana wake, na kikapu kinakaa mgongoni, kila mtoto wa hapa anajua. Nilisikia aibu kwa niaba ya mwandishi. Nilipokuwa shuleni niliona kosa lile nikalificha moyoni, kama unavyoficha tabia mbaya ya rafiki. Nikaendelea kusoma, sasa kwa sauti ya kuomba radhi. Nikafika pale jioni, yule mchumaji anarudi nyumbani, mgongo umekataa kunyooka, na anawatania wenzake kwamba leo atatembea hivyohivyo ameinama, akiokota alichodondosha mama yake, aliyeinamishwa na chai hiyohiyo kabla yake.

Bibi akakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

"Huyo hajui kikapu," alisema. "Lakini mgongo anaujua. Weka juu."

Ndivyo kitabu cha kwanza kilivyopanda kichanjani.

Nilimwambia bibi kwamba mama alitaka nichague vitatu. Nikamuuliza yeye, wakati wa kuchagua mbegu, anachagua vipi. Akanyoosha mkono akashusha fungu moja. Nilikuwa nimeliona tangu utotoni bila kulitazama. Yalikuwamo mahindi makubwa meupe, mazuri ya kupigwa picha. Lakini yalikuwamo pia madogo, punje zimepinda, mengine ya manjano, mengine yana doa la rangi ya damu ya mzee.

"Haya mabaya ya nini, bibi?"

"Nani kasema mabaya? Kuna mwaka mvua ilikata mapema. Haya makubwa unayoyaona yalitoka maganda matupu. Haka kadogo ndiko kalikotulisha, mama yako na Ambakisye wakiwa wadogo." Akakazungusha mkononi. "Sasa mimi nitajuaje mwaka ujao utakuwaje?"

"Na mwaka huo wa njaa hamkuyala haya yaliyokuwa juu?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama walikula watoto.

"Tulikula magimbi. Tulikula ndizi, tukachimba hata vile viazi vya mwituni vinavyowasha koo. Haya tulikuwa tunayatazama tu."

Nimeliwaza hilo tangu Alhamisi. Watu wenye njaa, wamekaa kuzunguka moto, chakula kinaning'inia juu ya vichwa vyao, na hakuna anayenyanyua mkono. Kwa ajili ya mwaka ambao hawakuwa na uhakika wataufikia.

Vyote vilipanda. Hata kile cha kiwanja.

Nilipokuwa najiandaa kurudi, bibi alinifungia magimbi ya kuchemsha ya njiani. Alikata jani la mgomba, akalibabua juu ya moto, akilipitisha huku na huku mpaka likang'aa na kulainika, akalikunja bila kupasuka hata kidogo. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote. Lakini siku hiyo nilimwangalia mikono yake ikizungusha, ikikunja ncha ya chini, na nikaona mikono ya mama kibandani. Mwendo ni uleule. Mama aliujifunza jikoni hapa, kwenye jani, kabla karatasi hazijawa nyingi.

Nilirudi Msasani na mzigo wa majani yaliyobabuliwa, umefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Umeniletea kijiji kibandani," mama alisema. Lakini alichukua jani moja, akalizungusha, akakunja ncha, akamimina. Alifanya haraka kuliko kwenye karatasi. Aliuangalia mkono wake kama vile umemshangaza.

"Kila wiki utakwenda kuyaleta?"

"Kila wiki."

"Na matokeo yakitoka ukaenda shule?"

Nilisema tu, "Mpaka hapo."

"Tujaribu Jumamosi," akasema, na hakutabasamu.

Ndiyo leo.

Mvua iliwajaza watu chini ya turubai letu. Wengine walinunua chai, wengine walisubiri tu mvua ipungue. Karanga za kwenye jani zilileta maneno. Kijana mmoja wa bodaboda aliuliza kama na yeye ni mbuzi. Mama akamwambia jani si la kutafuna, ila akitaka atampa punguzo. Watu wakacheka, wakanunua.

Dada Asifiwe, ambaye namwita dada kwa heshima tu, anauza parachichi meza ya pili kutoka kwetu. Wiki iliyopita, kabla sijaficha vitabu, alikuwa akinunua karanga kila siku, na kila siku akisoma karatasi yake mpaka punje ya mwisho. Zilikuwa kurasa za kile cha mlinzi. Leo alifika, akakigeuza kifuko cha jani upande huu na upande ule.

"Sasa mimi nitasoma nini humu?" aliuliza. "Nilimwacha yule mlinzi anashuka kwenye basi na begi lake, wazee wote wanamsubiri stendi. Kafika kwao au hajafika? Nimelala vibaya."

Nilifungua mdomo. Na hapo hapo mjomba akaingia chini ya turubai, maji yakimchuruzika, na kiroba cha pili begani.

Tulimwamkia. Alitua mzigo, akafuta miwani, akatazama meza.

"Dada, karanga zako siku hizi zinavaa nguo za kijani? Karatasi zote zile nilizokuletea ziko wapi?"

Mama alinyoosha kidevu kwangu. Alinyoosha tu, hakunitetea wala kunishtaki.

"Amezificha zisichanwe," akasema.

Mjomba alicheka, si kwa ubaya. Alikaa kwenye benchi, akaniongelesha kwa ile sauti ya darasani ambayo inasikika mpaka nyuma. "Binti, kukipenda kitabu ni vizuri. Lakini vile ni vya juzi tu. Vitabu vya kudumu vinajulikana. Vimepita kizazi hiki na kile, vikabaki, ndiyo tunavifundisha. Hivi vingine vinakuja vinapita. Hata majina havina. Nani atavikumbuka?"

Watu walikuwa wanasikiliza kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya kwenye mvua. Niliinamisha kichwa kama kawaida. Niliona mikono yangu, imeshika jani. Na nikajisikia nasema.

"Mjomba, hata vile vya zamani vilikuwa vya juzi."

Kijana wa bodaboda akasema, "Kumbe anaongea," na mtu akamwambia anyamaze.

"Siku moja navyo vilikuwa vya juzi," nikasema. "Havikuwa na sifa bado. Kuna mtu alivishika mkononi akakataa kuvifungia karanga. Ndiyo maana wewe ulivikuta ukavifundisha. Kama yule mtu angesubiri kwanza vidumu ndipo avitunze, visingedumu."

Mjomba alivua miwani tena ingawa ilikuwa imeshafutwa. "Na wewe ndiye umepewa kazi ya kuamua?"

"Siamui. Nataka wavikute. Watakaokuja wakivisoma wakaona havifai, wavichane wao wenyewe. Lakini wawe wamevisoma."

Mjomba akatabasamu, akawageukia watu. "Matokeo yakitoka tutaona kama maneno haya yalikuwamo kwenye mtihani."

Walicheka. Lilinichoma, kwa sababu ndicho ninachokiogopa kuliko vyote na yeye anajua. Wakati mwingine wowote hapo ndipo ningeingia ndani nijifanye naosha vikombe.

"Hayakuwamo, mjomba," nikasema. "Ndiyo maana vitabu hivi mliviondoa kabatini."

Nilitaka ardhi inimeze. Sikuinua sauti, nasema ukweli, lakini kumjibu mjomba vile, mbele ya watu, kwetu haifanyiki. Alinitazama. Sikuinamisha kichwa. Sikuwa shujaa, shingo ilikuwa imekakamaa tu.

Mama alichukua jani, akalizungusha, akakunja ncha, akamimina karanga za moto, akamwekea kaka yake mkononi.

"Kula, zitapoa," akasema. "Na hicho kiroba usikiache kwenye maji. Kisogeze pale pakavu. Bupe ana mahali pa kuvipeleka."

"Wapi?"

"Kwa mama yetu. Viko kwenye kichanja, pamoja na mbegu."

Sasa waliocheka walicheka kweli, na mjomba naye, baada ya kutafuta pa kuuweka uso wake, akatikisa kichwa. Alikula karanga mpaka zikaisha. Mvua ilipopungua aliinuka, akakisogeza kiroba chini ya meza, mahali pakavu, kwa mguu. Halafu akainama akakisogeza vizuri kwa mikono. Aliaga wote. Mimi aliniaga wa mwisho, na hakuniita binti, aliniita kwa jina.

Sijui kama amekasirika. Nitamwomba radhi kwa kumjibu hadharani. Kwa nilichosema, sitaomba.

Nimekifungua kile kiroba sasa hivi. Juu kabisa kuna kimoja nisichokijua, kinaanza katikati ya sentensi, kuhusu mwanamke anayeuza ndizi na ana siri na mchungaji. Nimesoma kurasa nne badala ya kuandika, ndiyo maana chai yangu imepoa.

Mama amepita hapa, akakiona mikononi mwangu, akauliza, "Hicho cha nani?" Nikasema bado sijakibatiza. Akasema nikikimaliza nimsimulie, asije akawa analinda vitu asivyovijua.

Kuna kitu kinanisumbua. Zile kurasa za mlinzi zilizochanwa hazitarudi. Zimetupwa mitaroni, zimewashia moto. Kitabu kiko kichanjani kina mwanzo na mwisho, katikati shimo. Pengine mahali fulani kuna nakala nzima. Pengine hakuna. Ninachojua ni kwamba katikati ile ninayo mimi, kichwani, karibu yote, mpaka yale maneno aliyosema mama yake mlinzi alipoiona sare.

Kesho baada ya ibada kanisani, Dada Asifiwe atanisubiri getini, ameshaniambia. Watakuwapo na wengine, wale wa kwaya, na pengine na mjomba. Anataka kujua kama yule mlinzi amefika kwao.

Nitamwambia. Kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.